Karatasi Namba Sita ya Mama Milimita

“Karatasi yangu namba sita iko wapi? Nimehesabu mara tatu. Zilikuwa tisa, sasa ziko nane. Na mtu asiniambie nihesabu tena, maana kuhesabu ndiko nilikokwenda kusomea!”

Hayo ndiyo malalamiko aliyoyatoa marehemu Jumapili tarehe 11 Novemba 2012, saa nne asubuhi, akiwa amesimama katikati ya chumba cha cherehani cha mdogo wake, mikono kiunoni, penseli sikioni. Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu ulitakiwa uanze na kuzaliwa kwake, na huko tutafika. Lakini aliyepewa kazi ya kuuandika ni huyo huyo mdogo wake wa cherehani, na kwa miaka kumi na miezi saba hajaweza kumfikiria dada yake bila kuanzia kwenye swali lile, na kwenye jibu alilolitoa yeye. Mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha pampu ya maji, ambako baba yake alikuwa mtunza pampu. Mama yake alikuwa mshonaji. Walizaliwa wawili tu, wote wa kike, na waligawana wazazi mapema: mkubwa akawa wa baba, mdogo akawa wa mama. Mkubwa aliijua spana namba kumi na saba kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Pampu ikibadili mlio, yeye ndiye aliyeinua kichwa kwanza kutoka kwenye sahani. “Baba, inakohoa,” alikuwa akisema. Baba aliacha chakula akaenda, na mara nyingi aliikuta inakohoa kweli.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1991. Hapa inabidi jambo moja liwekwe sawa. Mdogo wake amezoea kuwaambia watu, hasa wateja wanaochelewa kuchukua nguo zao, kwamba yeye aliacha masomo ili dada yake aendelee. Si kweli. Alimaliza darasa la saba, akashindwa mtihani, na siku matokeo yalipotoka alifurahi hadi akaimba. Dada yake aliisikia hadithi hiyo ikisimuliwa mbele yake zaidi ya mara ishirini, na hata siku moja hakumuumbua. Alikuwa akitazama pembeni tu na kukuna sikio.

Mwaka 1992 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kwanza kwenye kufungasha, baadaye kwenye meza ya kukatia. Walioko hapa waliofanya kazi kwenye meza ile hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine, ni hivi: mche mrefu wa sabuni unasukumwa kwa mkono chini ya kisu, kisu kinashuka, unasukuma tena. Kisu hakijui mche ni upi na mkono ni upi. Alisimama pale miaka kumi na tisa, na vidole vyote kumi alitoka navyo, kwa sababu alikuwa akisikiliza. Fundi wa mitambo alipokuja kutafuta ubovu na kushika tama, yeye alikuwa akimwambia bila kugeuka, “Beringi ya upande wako wa kushoto, kaka. Imeanza kulia tangu Jumanne.” Fundi alifungua, akaikuta, akabadilisha, na kwenye daftari la matengenezo akaandika jina lake mwenyewe.

Ndoa yake ilianzia kwenye ukuta wa kiwanda hicho. Fundi rangi alikuwa amepewa kazi ya kuchora mstari wa buluu kuzunguka ukumbi wa kufungashia. Marehemu alipita na katoni mbili mikononi, akasimama, akasema, “Mstari wako unashuka.”

“Unashuka wapi?”

“Kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Kama kidole kimoja.”

“Kwani dada umemeza pimamaji?”

Alikwenda kupima. Ulikuwa unashuka, na ni kidole kimoja kamili. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Septemba 1998, na yule bwana amekuwa akisema tangu hapo kwamba alioa ili asirudie kazi mara mbili. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1999 na mvulana mwaka 2003.

Jumatatu tarehe 10 Januari 2011, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, alianza masomo ya stashahada ya teknolojia ya uhandisi mitambo katika chuo cha jamii. Asubuhi alikuwa chuoni, mchana aliingia zamu kiwandani. Darasa lilikuwa na wanafunzi ishirini na sita, na mwanamke ni yeye peke yake. Siku ya kwanza vijana walimwamkia wakidhani ni mwalimu. Siku ya pili walimwuliza kama amekuja kufagia. Siku ya tatu kijana mmoja alikuwa anakereza shafti kwenye mashine, akapima kwa rula na kusema, “Inatosha, inakaribia.” Mama mzima akamnyang'anya rula. “Inakaribia wapi? Unakwenda sokoni? Kachukue maikromita.” Kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Milimita, na jina lilimfuata hadi nyumbani, hadi kwenye vikao vya ndugu, hadi kwenye kadi ya hospitali.

Mdogo wake hakulifurahia jambo hilo la chuo, na leo hana sababu ya kulipamba. Alisema maneno. Alisema, “Dada, utakaa dawati moja na watoto unaoweza kuwazaa?” Alisema, “Mwanamke wa miaka yako na grisi kucha nzima.” Wateja walipouliza dada yuko wapi siku hizi, alijibu kwamba ana shughuli zake. Alimwonea haya dada yake kwa kwenda shule. Sasa anaionea aibu haya hiyo yenyewe.

Pamoja na maneno yote hayo, meza alimwazima. Meza ya kukatia nguo ni pana, na nyumbani kwa marehemu hapakuwa na pa kutandaza karatasi kubwa za michoro. Mwalimu wake alitaka kazi ya mwisho ichorwe kwa mkono, kwa penseli na wino. Basi kila Jumapili dada alikuja na rula yake ya T, mdogo akahamia kibarazani na sindano. Kazi yenyewe ilikuwa mashine ya kukatia sabuni, ile ile ya kiwandani kwake, lakini yenye kinga: fremu ya chuma inayoshuka kabla ya kisu, na kama kuna mkono pale chini, fremu inagota na kisu hakishuki. Karatasi zilikuwa tisa. Namba sita ndiyo iliyokuwa ya kinga. Alimweleza mdogo wake Jumapili nzima, akichezesha rula juu chini mithili ya kisu. “Umeelewa?” akauliza. “Nimeelewa,” mdogo akajibu, huku anawaza vifungo.

Walikuwa na utaratibu wao. Karatasi iliyoharibika marehemu aliikunja kona moja, na yenye kona iliyokunjwa mdogo wake aliruhusiwa kuichukua. Mafundi cherehani tunahitaji karatasi ngumu za kukatia vielelezo vya nguo, tunaviita patani, na karatasi ya mchoro ni ngumu, haichaniki upesi. Kila mmoja alifaidika.

Ijumaa tarehe 9 Novemba 2012 mdogo wake alikuwa na nguo sita za wasimamizi wa harusi, zote mikono ya puto, na bibi harusi amemkalia kooni tangu asubuhi. Alinyoosha mkono juu ya kabati, ambako dada aliacha karatasi zake zote, nzima na zilizoharibika, akavuta ya kwanza, akaipindua upande mweupe, akachora mkono wa nguo, akashika mkasi. Kona hakutazama. Mkasi ulipofika kwenye kiwiko alisikia wino ukikwaruza upande wa pili, akaigeuza, akamwona dada yake pale: mistari myembamba iliyonyooka, namba ndogo ndogo kama mchele uliopangwa, na chini kulia, ndani ya kisanduku, namba sita.

Angeweza kukimbia palepale kwenda kumwambia. Ilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri na kazi ilitakiwa chuoni Jumatatu asubuhi. Dada angemtukana matusi ya kutosha mwezi mzima, kisha angekaa Jumamosi na Jumapili, akachora upya, na mambo yangekwisha. Badala yake alimaliza kukata. Kwa kuwa ilikwisha kuharibika, alijiambia, basi angalau mikono itoke vizuri. Ilitoka vizuri sana.

Jumamosi yake shemeji yake, yaani mume wa marehemu, alipita kuomba karatasi chakavu za kutandaza sakafuni kwenye nyumba aliyokuwa anaipaka rangi. Akapewa nne, zote za kona iliyokunjwa.

Sasa turudi Jumapili saa nne. Marehemu ameuliza swali lake. Mdogo wake yuko kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, patani ya mkono imefichwa chini ya mto anaokalia. Akajibu, “Muulize mumeo. Jana alichukua karatasi za kutandaza.”

Kila neno katika jibu hilo lilikuwa la kweli. Hivyo ndivyo alivyoweza kulitamka na uso mkavu, akiwa amevaa miwani ya mbao, mguu haujaacha hata kukanyaga pedali.

Marehemu alikwenda hadi kwenye ile nyumba. Alikuta sakafu imetandazwa karatasi, karatasi zimelowa rangi ya krimu, na mumewe kasimama juu yake na brashi. Walivyoulizana pale hatukusikia, ila tunajua alirudi na karatasi nne zilizogandana, akijaribu kuzibandua kwa kisu cha mezani, na hakuna aliyeweza kusema zilikuwa na nini. “Zote zilikuwa na kona iliyokunjwa,” mume alisema. “Nne zote?” “Nadhani.” “Unadhani!” Kwa Mama Milimita, neno hilo lilikuwa kosa kuliko kosa lenyewe.

Alichora namba sita upya, akamaliza Jumatano. Chuo hakikupokea kazi iliyochelewa, si kwa siku mbili wala kwa saa mbili. Akaambiwa asubiri mwaka unaofuata. Wenzake walihitimu, yeye akarudi kwenye meza ya kukatia. Nafasi ya fundi mitambo iliyotangazwa kiwandani Januari 2013 ilitaka cheti. Ikaenda kwa mtu mwingine, kijana mzuri tu, asiye na neno na kinga wala kisu.

Mwezi Aprili 2013, kwenye meza ile, mwanamke mwenzake mmoja alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Hakuna awezaye kuapa kwamba kinga ingekuwa imeshafungwa kufikia Aprili. Marehemu mwenyewe hakuapa. Alikaa kwenye kiti cha wateja kwa mdogo wake, mikono mapajani, akasema mara moja tu, “Nilikuwa nimeshaichora.” Mdogo wake alimshonea yule mama aliyeumia glavu maalumu ya vidole vitatu, akakataa malipo, na yule mama hadi leo anamsifia kwa utu. Yuko hapa, amekaa nasi. Sifa hizo zirudishwe, mama, na samahani iliyotakiwa kuja na ile glavu iko kwenye mistari hii.

Marehemu alihitimu Ijumaa tarehe 22 Novemba 2013, kwa daraja la pili la juu. Februari 2014 akawa fundi mitambo wa zamu, mwanamke wa kwanza kiwandani pale, na mwezi Septemba kinga ilifungwa kwenye visu vyote vitatu. Meneja alisema inapunguza mwendo. Alimjibu, “Bosi, weka mkono wako tuone mwendo.” Meneja hakuweka. Tangu siku hiyo kwenye meza ile hakijakatwa kitu isipokuwa sabuni. Wasichana wapya waliokuja wanaogopa aliwaambia, “Jikaze kisabuni, mwanangu, kisu hiki nimekifunga adabu.”

Nyumbani, ile karatasi ikageuka mzaha. Kila ndugu walipokutana, marehemu aligonga glasi na kusema, “Kuna mtu humu ndani ninamdai karatasi moja.” Watu wote walimgeukia mumewe. Mumewe aliinua mikono kama mwizi aliyekamatwa. Miaka ya mwanzo alikana. Baadaye akachoka, akawa anasema, “Basi, huenda ni mimi.” Mwishowe akasema, “Ni mimi.” Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote mezani, kila mara, alikuwa mdogo wa marehemu.

Kuna jambo ambalo wengi hamlijui. Tangu mwaka ule fundi rangi huyo hakutandaza tena karatasi bila kuigeuza pande zote mbili. Gazeti, kalenda, mfuko wa saruji uliochanwa, yeye anageuza, anatazama, ndipo anaweka chini. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anasoma sakafu. Mdogo wa marehemu alimwona kwa macho yake alipokuja kumpakia chumba cha cherehani rangi, kapiga magoti, anageuza karatasi moja baada ya nyingine. Akamletea chai. Hakumletea ukweli.

Mwezi Februari 2023 marehemu alianza kuvimba miguu. Madaktari waligundua kwamba figo zote mbili zimechoka. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hata pale hakuacha kuwa yeye. Aliangalia pampu ya ile mashine, roli zake mbili zikizunguka na kuusukuma mpira wa damu, akaomba saa ya mumewe, akahesabu mizunguko. “Nesi, leo inakwenda polepole kuliko juzi.” Nesi akasema, “Mama, wewe ni mgonjwa au fundi?” “Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni vyote viwili.” Nesi alitazama, na kweli daktari alikuwa amepunguza.

Mdogo wake alikwenda mara tatu na vile vipande vya patani ndani ya mkoba. Mara ya kwanza wageni walikuwepo. Mara ya pili mgonjwa alikuwa amelala. Mara ya tatu hapakuwa na kisingizio. Mkoba ulikuwa wazi, na marehemu aliona ukingo wa karatasi. “Bado unashona mikono ya puto, wewe?” akauliza. Mdogo wake akasema, “Bado, dada,” akafunga mkoba. Kama dada alijua, hakusema, na mdogo wake hatajifariji kwa kudhani alijua. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Ameacha mumewe fundi rangi, binti mmoja na mvulana mmoja, mama mzazi, ambaye macho hayaoni vizuri lakini bado anatambua cherehani kwa mlio, mdogo wake, wanawake wa meza ya kukatia, ambao leo wamekuja wote, na darasa zima la vijana waliokwisha kuwa watu wazima, walioacha kusema “inakaribia.”

Jumapili iliyopita mume wa marehemu alikuja kwenye chumba cha cherehani kusaidia tarehe za wasifu huu. Tulipofika kwenye masomo alisema, “Shemeji, pale usinifiche. Andika kwamba mimi mumewe ndiye niliyemchelewesha mwaka mzima kwa uzembe wangu. Nataka watu wasikie alivyonivumilia.”

Kalamu ilisimama. Mdogo wa marehemu aliinuka, akafungua mto wa kiti, akatoa vipande vinne: mkono mbele, mkono nyuma, kola na mabaki. Akaviweka mezani upande mweupe ukiwa juu. Shemeji akafanya kama alivyozoea: akavigeuza.

Alivitazama muda mrefu. Akavisogeza kwa kidole mpaka mistari ikakutana, kisu kikapata fremu yake.

“Miaka kumi na miezi saba,” akasema. Akachukua kofia yake akatoka, na chai ikabaki mezani mpaka ikapata utando.

Hakusema naye Jumatatu. Jana Jumanne alikuwa kwenye karakana ya seremala, maana alikataa mtu mwingine apake vanishi jeneza la mkewe. Mdogo wa marehemu alimfuata huko na karatasi moja kubwa ya mchoro, mpya, aliyoinunua dukani, imeviringwa. Seremala alikuwa analalamika kuhusu sakafu yake ya saruji. Shemeji akaipokea. Akaifungua, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akapiga magoti akaitandaza chini ya jeneza, akailainisha kona zote nne kwa kiganja.

“Ya karatasi yameisha, shemeji,” akasema bila kuinua macho. “Ya maneno, kesho usome mwenyewe. Usimpe mtu.”

“Nitasoma.”

“Yote. Usitie maji.”

“Yote.”

“Haya, shika hiyo brashi ndogo. Kona za chini zinataka mkono mwembamba.”

Walipaka pamoja hadi saa kumi. Michoro iko pale mezani karibu na mlango, mtaiona mkitoka. Namba sita ziko mbili, moja nzima na moja imeunganishwa kwa pini za kushonea. Kifuniko cha jeneza kina pengo la milimita mbili upande wa kushoto, na mumewe ameliziba kwa nta. Mama Milimita asingekubali kazi ya namna hiyo. Dada, leo tukubalie tu. Lala salama.